Siti ya asili, ya mtumba au ya kuchongesha: ipi itakaa sawa kwenye pikapu yako ya zamani?

Nilipofika Chipogolo mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Nilitoka Dodoma mjini alfajiri na pikapu yangu, Land Rover 109 Series III, naelekea Mtera kuchukua samaki, nimekalia siti iliyotoka kwa fundi juzi yake: reksini inang'aa, mishono imenyooka, sponji ya inchi nne. Hiyo sponji ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa imeninyanyua mpaka paja likawa linasugua usukani, na kila nilipovuka tuta utosi uligonga paa. Ili nikanyage klachi ilibidi nitoe goti nje, nilipitishe pembeni ya usukani, ndipo nishushe mguu. Fundi sikumlaumu. Nilimwambia anitengenezee siti nzuri, akatengeneza siti nzuri. Hakuna aliyenipima mimi, na hakuna aliyeipima kabini.

Tangu safari ile nimeshiriki kung'oa na kurudisha siti za pikapu kadhaa hapa mjini na kule Kongwa: Hilux ya siti moja ndefu, Datsun 1200, na Peugeot 404 moja ambayo mwenyewe haruhusu hata kikombe cha chai kuwekwa juu ya dashibodi. Wenye magari haya huuliza swali lile lile: nifufue siti ya asili, nitafute ya mtumba kutoka gari jingine, au nichongeshe mpya? Zote tatu nimeona zikifaulu, na zote tatu nimeona zikimtesa mtu. Kinachoamua ni tatizo ulilonalo na umbo la anayeendesha.

Anza na kreti la soda

Kabla ya kumpigia fundi yeyote, toa siti nje kabisa. Chukua kreti tupu la soda, liweke mahali pa siti, tandika juu yake vipande vya mbao na kipande cha sponji, kisha kaa. Ongeza au punguza mbao mpaka upate kimo kinachokufaa. Kwenye Land Rover kreti halitaingia kwa sababu siti inakaa juu ya sanduku la bati, kwa hiyo tumia mbao peke yake. Kaa kama unavyokaa siku zote. Fundi mmoja wa Nkuhungu aliwahi kunifokea kwa heshima: "Mzee, shuka, upande tena, na usijikaze. Umekaa kama unapigwa picha ya pasipoti."

Ukishakaa, angalia haya. Klachi ikikanyagwa mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa uko mbali mno. Mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila kunyoosha mwili mbele. Ngumi yako ipite kati ya paja na usukani. Juu ya kichwa vibaki angalau vidole vinne vilivyolala, na kama unaenda mashambani kwenye njia za makorongo, acha zaidi. Mwisho, pua iwe mkabala na katikati ya usukani. Hili la mwisho watu hulisahau, kwa sababu kwenye siti ndefu mtu husogea mwenyewe akapata mahali pake, lakini ukifunga siti ya mtu mmoja sentimita tano pembeni, utaendesha umejipinda maisha yako yote.

Andika kimo kutoka sakafuni hadi pale makalio yanapoishia *ukiwa umekaa*. Siti tupu inadanganya. Sponji laini hushuka sana ukiikalia na ngumu hushuka kidogo, kwa hiyo siti mbili zinazolingana kwa tepu zinaweza kupishana sana kwa dereva.

Kila njia nitaipima kwa vigezo vilevile: nafasi inayokupa, inavyofungwa sakafuni, inavyopatana na mkanda, inavyostahimili vumbi na jua la huku kwetu, mfuko, na mwisho inamfaa nani.

Sakafu, kabla hujalaumu siti

Siti inayotikisika au reli inayokwama mara nyingi inasingiziwa. Pima matundu manne ya bolti kwa kukatiza, kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vya mshazari vikipishana, matundu hayako kwenye pembe sawa, na reli zikifungwa hapo zitavutana.

Siti ndefu ndiyo inayoonewa zaidi na jambo hili. Ina reli mbili na kila reli ina kufuli lake, lakini mkono wa kufungulia ni mmoja, upande wa dereva. Kufuli la upande wa pili huvutwa kwa waya unaopita chini. Sakafu ikipinda kwa kutu, kwa ajali ya zamani au kwa kiraka cha fundi fulani aliyekuwa na haraka, upande mmoja unafunguka na wa pili unagoma. Siti inakwenda mshazari kama maksai wawili ambao mmoja amekataa jembe. Watu hununua siti nyingine hapo, wakati dawa ni kunyoosha sakafu, kulinganisha kimo cha miguu minne, na kukaza waya uliolegea.

Gari lililozeekea Dodoma kwa kawaida lina kutu kidogo kuliko lililozeekea Tanga au Dar es Salaam. Lakini magari yanauzwa na kuhama, kwa hiyo toa zulia lote na ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti nzito ya kufa pana kazi ya bati kwanza. Na wa Land Rover za zamani mkumbuke: sanduku la siti ni la aluminiamu, sakafu na chesi si kitu kimoja, na kwenye 109 ya pikapu tangi la mafuta liko chini ya siti ya kulia, yaani ya dereva kwa huku kwetu. Hapo juu hakuna kuchomelea wala kuwasha grenda mpaka tangi litoke nje ya gari.

Njia ya kwanza: kufufua siti ya asili

*Nafasi.* Siti hii ilibuniwa pamoja na usukani, pedali na paa, kwa hiyo fremu ikiwa haijapinda, dereva wa umbo la kawaida atakaa sawa. Ikikataa baada ya ukarabati, ni sponji. Siti uliyoizoea miaka yote ilikuwa imebonyea, springi zimelegea, na mwili wako umezoea kile kimo cha chini. Unapoweka sponji mpya nene unarudi juu kwa ghafla, nami nimeshasimulia yaliyonipata.

Namna ya kupata kimo cha asili: usipime katikati ya siti ya zamani, pima kwenye kona na kwenye ukingo wa mbele karibu na fremu, ambako hakuna mtu aliyekuwa anakaa. Sponji au usumba wa pale bado una unene wake wa mwanzo. (Ndiyo, usumba: baadhi ya siti za magari ya zamani zilijazwa nyuzi za makumbi zilizoshikanishwa kwa mpira. Mtu wa Pwani akifungua siti kama hiyo hucheka, maana ni vile vilivyo kwenye kamba za nyumbani.) Kisha jenga kwa tabaka: chini sponji ngumu, ile ya vipande vilivyoshindiliwa, juu laini kidogo ya kupokea mwili. Sponji ya godoro peke yake ni tamu dukani, baada ya miezi michache inalala.

Kava likikunjamana, usikimbilie kulipunguza. Mara nyingi sponji ndiyo ndogo mno, hasa kwenye kona. Na kava jipya la reksini lililokaza, lianike juani saa moja kabla ya kulivalisha. Jua la Dodoma saa saba mchana linalilainisha kuliko mvuke wa birika.

Kwa dereva mrefu hapa pana ukuta, na si kwa mfano tu. Pikapu ya kabini moja haina pa kurudi nyuma. Kwenye Land Rover mgongo wa siti unakaribia kugusa bati la nyuma, kwa hiyo unachoweza kuokoa ni sentimita chache za unene wa sponji ya mgongo.

*Ufungaji.* Hapa haina mpinzani. Matundu yanakubali, bolti zinaingia kwa mkono. Kitako cha Land Rover hata bolti hakina. Kinakaa kwenye sanduku lake na unakinyanyua kwa mkono kufikia vilivyo chini. Ukianza kubadilisha siti unapoteza urahisi huo, na utaukumbuka siku ya kwanza utakapotaka kulifikia tangi. Angalizo dogo: nati za Land Rover hizo ni za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita utazivua pembe zote.

*Mkanda.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Migongo mingi ya zamani ni mifupi na haina kiegemeo cha kichwa, na kioo cha nyuma kiko nyuma ya shingo yako kabisa. Baadhi ya magari haya yalitoka bila mikanda. Ukifufua siti ya asili, weka mikanda inayoshikwa na mwili wa gari, si na siti, na kila tundu jipya la mkanda liwe na bamba la chuma nyuma yake. Bolti ya mkanda kwenye magari mengi ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Tafuta hiyo, usiweke iliyobaki kwenye kopo.

*Vumbi na jua.* Muundo wake ni rahisi na vumbi halina mengi ya kuharibu. Kwenye reli za siti ndefu acha grisi nzito. Grisi na vumbi la barabara ya vumbi vikichanganyika vinageuka msasa. Safisha reli kwa brashi na mafuta ya taa, zikauke, kisha paka nta ya mshumaa.

*Mfuko.* Vifaa vyenyewe si ghali. Kinachokula pesa ni kitu kilichopotea. Fremu ikiwepo na reli zikiwepo, hii ndiyo njia nafuu kuliko zote. Reli moja ikikosekana utawapigia simu wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, mpaka salio liishe. Kwa upande mwingine, gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina wapenzi wake. Mwenye 404 niliyemtaja anakumbuka jinsi gari hizo zilivyoshinda mbio za East African Safari mara nne, 1963 kisha 1966 hadi 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa dereva wa Dar es Salaam, Bert Shankland. Huyo mzee huwezi kumwambia habari ya siti ya Vitz. Atakufukuza.

*Inamfaa nani.* Mwenye fremu nzima, mwili wa kimo cha kawaida, na gari analotaka libaki lilivyokuwa. Inamfaa pia anayebeba watu watatu mbele.

Njia ya pili: siti ya mtumba kutoka gari jingine

Hii ndiyo inayovutia macho. Unaenda kwa wauza spea, unakalia siti ya gari dogo la Japani, mgongo unashikwa, kiegemeo cha kichwa kipo, unalipa palepale. Shida inaanza ukifika nyumbani.

*Nafasi.* Siti ya kisasa ni nene na inakuja na reli zake chini. Kwenye sakafu bapa ya Hilux au Datsun inaweza kukubali. Kwenye Land Rover, ambako tayari sanduku limeinua kimo, ukiongeza siti nzima yenye reli unakuwa umekaa ghorofani. Nenda dukani na namba mbili mfukoni: kimo ulichopata kwenye kreti, na upana kati ya mlango na mkono wa gia. Pima siti pale ilipo pana kuliko pote, yaani kwenye mabega na kwenye vishika paja, si chini kwenye reli. Datsun 1200 ina kabini finyu kiasi kwamba siti mbili za gari la kisasa zinaweza kuminyana na kuubana mkono wa gia.

Kuhusu mgongo unaolala nyuma, usilipie sifa hiyo. Kwenye kabini moja utalala digrii chache tu kabla haujagota ukutani, na pembe ya juu ya mgongo itakula mwendo wa reli. Dereva mfupi hataona tofauti. Dereva mrefu atajikuta karibu na usukani kuliko alivyokuwa na siti ya zamani.

Siti ninazozipendekeza kuziangalia kwanza ni za magari ambayo injini iko chini ya abiria wa mbele, kama Hiace, yale yaliyokuwa vipanya vya mjini. Kwa kuwa zinakaa juu ya boksi la injini, zina chini fupi na bapa. Siti za magari madogo ya saluni mara nyingi zina miguu ya vimo tofauti: mmoja umepindwa kufuata mteremko wa sakafu, mwingine umepandishwa kwenye tuta la katikati. Kishawishi ni kuikata kwa grenda. Usikate. Miguu hiyo ni sehemu ya uimara wa siti.

Faida moja ya Japani: magari yao pia yana usukani wa kulia, kwa hiyo siti ya dereva ina mkono wa kuilaza upande wa mlango kama inavyotakiwa kwetu. Siti iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto itakuwa na mkono huo katikati, umebanwa na hendibreki.

*Ufungaji.* Kazi yote iko hapa, na hapa ndipo wengi wanapojiua polepole. Matundu hayatakubali, hilo lijue tangu mwanzo. Njia safi ni kutengeneza fremu ndogo ya kati: flatibaa nene au engo mbili zinazofungwa kwenye matundu ya asili ya gari, kisha siti inafungwa juu ya hizo. Chora kwanza kwenye boksi gumu, weka boksi sakafuni, toboa matundu, peleka boksi hilo kwa mchomeleaji. Ukimpelekea maelezo ya mdomo utarudi mara nne.

Siti ikitakiwa kuinuka mbele, tumia kipande kimoja kizima cha chuma au bomba nene lililokatwa sawa. Nimeona mnara wa washa saba chini ya mguu mmoja wa siti. Washa zikilegea bolti inaanza kucheza, na bolti inayocheza inakatika. Bolti zenyewe ziwe na alama 8.8 kichwani, za mageti hazina kazi hapa.

Kwenye aluminiamu ya Land Rover, bolti iliyofungwa kwenye bati tupu itang'oka na kipande cha bati. Chini ya bati weka bamba pana la chuma, lipakwe rangi, na katikati ya chuma na aluminiamu uweke kipande cha mpira, maana metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu aluminiamu inaliwa na kugeuka unga mweupe.

*Mkanda.* Soma hii mara mbili. Siti nyingi za kisasa zina kifungio cha mkanda kilichofungwa kwenye siti yenyewe. Maana yake ni kwamba ajali ikitokea, uzito wako wote unavutwa kupitia siti, reli, breketi zako na zile bolti nne. Kwa hiyo breketi ya siti ya namna hiyo si ya kushikilia siti tu, ni ya kushikilia mtu. Kama huna uhakika na kazi ya mchomeleaji, toa kifungio hicho kwenye siti na ukifunge kwenye mwili wa gari penye bamba.

Na kama pembeni mwa mgongo kuna kibandiko cha SRS AIRBAG, iache dukani. Ndani mna mfuko wa hewa wenye baruti yake, si kitu cha kuchunguza kwa taa ya majaribio.

*Vumbi na jua.* Kitambaa hakichomi kama reksini gari likisimama juani pale Sabasaba, hilo ni raha kubwa. Lakini kinakunywa vumbi, na ukikipiga kofi Agosti unaona wingu. Reli zake zina golori ndogo ambazo vumbi huziumiza haraka. Kava la kuvalisha juu linasaidia.

*Mfuko.* Siti yenyewe inaweza kuwa rahisi kuliko kufufua ya asili. Jumlisha breketi, bolti, mchomeleaji na siku mbili za kazi, ndipo ulinganishe. Siti ya asili ihifadhi stoo. Usiiuze kwa skrepa.

*Inamfaa nani.* Anayeendesha kila siku, mwenye maumivu ya mgongo, asiyebeba abiria wa tatu, na ambaye gari lake lina sakafu bapa ya chuma.

Njia ya tatu: kuchongesha mpya

*Nafasi.* Ni njia pekee inayoanza na mwili wako. Fundi anajenga fremu ya paipu za mraba kufuata kimo cha kreti lako, upana wa kabini na mteremko unaoutaka. Mtu mrefu sana, mfupi sana au mnene anapata hapa kile ambacho viwanda havikumfikiria. Lakini kuna mtego: mafundi wengi wa fanicha huweka ubao au plaiwudi chini ya sponji. Plaiwudi haichezi, kwa hiyo ili usiumie watakuongezea unene wa sponji, na unene unakurudisha juu kule kwenye paa. Omba mikanda ya mpira ya makochi au springi za waya uliopindapinda. Chini pakicheza, sponji nyembamba inatosha, na unaokoa kimo. Kama lazima iwe plaiwudi, itobolewe matundu mengi ipumue.

Mwambie pia ainue ukingo wa mbele kidogo. Siti ya sebuleni ni bapa. Kwenye gari siti bapa inakutelezesha mbele kila ukifunga breki.

*Ufungaji.* Mzuri, kwa sharti moja: gari liwe pale pale kwa fundi. Siti iliyochongwa kwa vipimo vya karatasi hukosea kwa kidole kimoja, na kidole kimoja kwenye tundu la bolti ni kilomita. Reli nunua za mtumba, usimruhusu azibuni. Kufuli la reli lililotengenezwa kwa msumari na springi ya baiskeli nimeliona, na lilifunguka kwenye mteremko.

*Mkanda.* Uwe kwenye mwili wa gari, bila mjadala. Fremu ya kuchomelea haijapimwa na mtu yeyote kubeba uzito wa ajali. Omba mgongo uwe mrefu hadi nyuma ya kichwa.

*Vumbi na jua.* Unachagua mwenyewe: reksini pembeni, kitambaa kizito katikati. Turubai ni gumu lakini kwa safari fupi za shamba linavumilia.

*Mfuko.* Katikati hadi juu, kutegemea fundi. Siri ni kwamba fundi mmoja hatoshi. Wa chuma na wa makochi hawafikiri sawa, na usipowakutanisha wakaongea mbele ya gari, kila mmoja atakuambia mwenzake ndiye aliyekosea. Mimi niliwaagizia wote wawili chai na chapati, wakamaliza ubishi kabla chai haijapoa.

*Inamfaa nani.* Ambaye siti ya asili imepotea kabisa, mwenye umbo lisilo la kawaida, au anayetaka siti ya watu watatu kwenye kabini ambayo haina ya kununua.

Kwa hali yako

Fremu ya asili ipo na tatizo ni paja kugusa usukani: fufua, ila punguza sponji na ujenge kwa tabaka. Usinunue kitu kingine kabla hujafanya hivyo. Hili ndilo nililolifanya mimi baada ya Mtera. Inchi nne zikawa mbili ngumu na moja laini, ngumi ikapita.

Siti inakwenda mshazari au inatikisika: usichague njia yoyote bado. Rudi kwenye sakafu na kwenye waya wa kufuli.

Mgongo unauma kwa safari za Kondoa au Singida na gari lako ni Hilux: mtumba, yenye chini bapa, kwenye fremu ya kati yenye bolti za 8.8. Kama ni Land Rover na una kimo kirefu, mtumba uingojee. Pima kwanza mtu akiwa amekaa, na ukikuta paa liko karibu, chongesha yenye springi na sponji nyembamba.

Madereva wawili wanaopishana kimo sana, tuseme baba na binti yake anayejifunza: reli inayotembea ni lazima, kwa hiyo mtumba au ya kuchongesha yenye reli za mtumba. Kwa siti ya asili isiyosogea, yule mfupi awekewe mto wa mgongo uliofungwa kwa mikanda. Ule wa kuwekwa tu huchomoka kwenye kona.

Gari la kubebea zabibu kutoka Hombolo, linaloingiwa na matope Februari na vumbi Septemba, na vijana watatu mbele kila siku: siti ndefu ya asili, reksini nzito, reli zipakwe mshumaa. Na mikanda iwe mitatu, maana hata yule wa katikati ana mama yake nyumbani.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, endesha wiki moja ukiwa umefunga kitako cha muda, mbao na sponji kwa kimo cha kreti, kwenye njia za ndani za shamba tu, si barabara kuu. Nenda taratibu mpaka mwisho wa shamba na urudi. Unaposhuka, angalia ni sehemu gani ya mwili unayoishika kwanza.